Fisi Amesimama Mlangoni

Enzi zetu watoto walikuwa watoto. Najua, nina miaka kumi na sita tu, na msichana wa umri wangu akisema "enzi zetu" wazee hucheka mpaka wakohoe. Wacha wakohoe. Mtu aliyeona jiko la nyanya yake likigeuka makao ya samaki ana haki ya kusema "enzi zetu" hata kama bado ananyonya. Pale tuliporukia kamba, leo wavuvi wanavua ndagala. Mama akileta fungu la ndagala hizo nyumbani, mimi huziangalia machoni kwanza, nikitafuta kama kuna anayenikumbuka.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliozaliwa Uvira chini kabisa, upande wa Kalundu, ambako ziwa lilikuwa jirani yetu kabla halijataka nyumba yote. Mnakumbuka mpira wetu? Mifuko ya plastiki ndani, matambara juu, kamba za mgomba nje. Ukiupiga kichwa asubuhi, mpaka jioni unasikia kengele ya shule. Mnakumbuka kuchota maji na bidoni la njano lisilo na kifuniko, tukiziba mdomo wake kwa jani? Ziwa zima lilikuwa pale mbele, refu kuliko macho, na bado Nyanya alitutuma bombani, akisema maji ya ziwa ni ya kufulia nguo na ya kuogea wavivu. Mnakumbuka harufu ya ndagala zikianikwa mchangani, ile harufu iliyoingia kwenye inifomu, ikatufuata darasani, ikakaa nasi dawati moja? Mwalimu wetu wa mwaka wa pili alipotupigisha magoti, alitupitia mmoja mmoja huku ameziba pua. Adhabu ilikuwa yetu, mateso yalikuwa yake.

Na chakula. Mlima wa bugali ya mihogo, na pembeni yake mukeke mmoja kwa watu wote wa nyumba. Nyanya alikuwa na neno lake la kila Jumapili, alilisema baada ya sala kana kwamba padri ndiye aliyemtuma: "Samaki iko ya kuangalia. Bugali njo ya kula." Tukaangalia. Binamu yangu Dieume aliangalia kwa kidole.

Watoto wa leo hawajui kitu. Juzi nilimtengenezea mtoto wa jirani mpira wa mifuko kama ule wetu. Akaugeuza, akaugeuza tena, akaniuliza unachajiwa wapi.

Kwa Nyanya tulikuwa watatu. Dieume ndiye mkubwa, mrefu kama mwiko wa matanga, mwenye usingizi wa mzee aliyetoka kulima. Espe, dada yake, ndiye mdogo, aliyelia kwa kila jambo, hata kwa furaha. Mimi nilikuwa katikati, nikaitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kunizimia. Hao wawili walikuwa watoto wa mama mdogo, lakini tulilala mkeka mmoja, na habari ya nani ni binamu na nani ni ndugu tuliwaachia watu wa harusi.

Jioni tulikaa jikoni. Lilikuwa jiko la mbao, na kila ubao ulikuwa umetoka kwenye mtumbwi tofauti, hata ukikaa ndani ulihisi unaelekea mahali. Sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, ilikuwa inatokota. Upepo wa ziwa uliingia kwa nyufa ukicheza na moto. Nyanya alichambua maharage kwenye ungo, na hakuanza hadithi mpaka avumilie kwanza maombi yetu yote, na machozi mawili matatu ya Espe.

Hadithi za Nyanya zilikuwa na sheria nyingi kuliko mpaka wa Kavimvira. Sheria ya kwanza: hadithi haisemwi mchana. Ukiisema jua likiwa juu, mama yako anageuka mbuzi. Mimi, ambaye sikuwahi kukutana na sheria nisitake kuichokoza, siku moja saa sita mchana nilimsimulia Espe habari za Sungura nyuma ya choo cha shule. Halafu hofu ikanishika. Nilikimbia mpaka nyumbani nikamkuta Mama ameinama juu ya kapu la lenga-lenga, anatafuna jani bichi aone kama ni chungu. Nililia siku hiyo kuliko Espe. Mama hakuelewa kwa nini nilimshika kichwa nikimtafuta pembe.

Sheria ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Hadithi lazima iwe na mwitikiaji. Nyanya alisema, "Niko njiani," na mwitikiaji akajibu, "Tembea." Ndipo alipoanza. Na kila alipovuta pumzi, mwitikiaji alisema tena, "Tembea," na hadithi ikapiga hatua. Hakuna "tembea," hakuna hatua. Sungura anabaki na mguu mmoja juu. Chui anabaki mdomo wazi, na mbuzi ndani yake anangoja ajue kama amekufa au hajafa. Nyanya hakuwa na huruma katika jambo hilo. Alikuwa anageukia maharage yake kana kwamba hajawahi kusikia habari za Chui.

Mwitikiaji nilikuwa mimi, kwa ajili ya mdomo. Niliifanya kazi hiyo kwa ufisadi mkubwa. Nilisema, "Tembea, lakini polepole, Fisi ana viatu vipya." Nilisema, "Tembea upande wa kushoto, kulia kuna polisi." Nyanya alinitupia vijiti vya sombe, lakini niliona midomo yake ikipigana na kicheko. Dieume yeye alilala kabla Sungura hajatoka nyumbani kwake, akikoroma kwa sauti mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ile ya kurudi ikiishia kwa filimbi. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya jambo lolote, Dieume aliuliza, "Tulifikia wapi?" Nami niliyekesha ndiye niliyejua. Nilimwambia uongo mara nyingi. Kuna hadithi ambamo Dieume mpaka leo anaamini kwamba Tembo aliolewa.

Sasa niwaambie habari ya jioni ya mwisho.

Mwaka ule ziwa lilikuwa linapanda. Kwanza liliingia kwenye bustani, tukacheka, kwa kuwa nyanya za bustanini zilielea kama mipira. Kisha likaja mpaka kizingiti. Nyanya alipandisha mafiga yake juu ya matofali na kuendelea kupika, miguu yake ndani ya maji, akilisema ziwa kama mtu anavyomsema mkwe asiyebisha hodi. Wakati uleule, usiku mwingine, milio ya bunduki ilisikika kutoka milimani. Wakubwa walizungumza kwa sauti ndogo: maji mbele, risasi nyuma.

Jioni hiyo Nyanya alikuwa ameanza hadithi ambayo hatujawahi kuisikia. Ilikuwa njaa, alisema, na ndugu watatu walipanda milimani, wakapata pango. Wawili wakaenda ng'ambo ya mlima kutafuta asali. Msichana wakamwacha pangoni achunge moto. Wakamwambia, "Usiuache uzimike. Moshi wake njo njia yetu ya kurudi." Msichana akachunga. Aliulisha kuni, kuni zikaisha. Akaulisha majani ya kitanda chake. Mvua ikaja. Na katika mvua ile Fisi akaja, akasimama mlangoni, ameloa mpaka mifupa, akasema, "Binti, nipe kaa moja tu. Batoto bangu banakufa na baridi." Msichana akaangalia moto. Umebaki kidogo. Akitoa kaa, labda wote utazimika, na ndugu zake watapotea. Asipotoa, Fisi amesimama mlangoni.

Nikasema, "Tembea." Kwa mara ya kwanza sikuongeza mzaha wowote. Hata Dieume alikuwa macho.

Nyanya hakutembea. Baba yao Dieume alikuwa ameingia, suruali imekunjwa mpaka magotini, mkononi ana mifuko miwili. Aliongea na Nyanya maneno machache. Kisha akawaambia watoto wavae viatu, na Espe akauliza atavaaje viatu ndani ya maji. Dieume alisimama kizingitini na kuuliza kama kesho tutaendelea pale. Nyanya alikuwa anaufunika moto majivu, akasema bila kugeuka, "Fisi ataningoja pale pale."

Walivuka kwenda Bujumbura. Mwanzoni nilidhani ni mchezo, maana Bujumbura tunaiona. Jioni taa zake zinawaka ng'ambo ya maji kama mtu amemwaga makaa ufukweni, na mimi nilichagua moja, nikaamua ndiyo yao. Niliisalimia kila siku. Baadaye nikaambiwa kwamba walikuwa wameshapelekwa kambini, mbali na taa zote. Nilikuwa nimesalimia duka la mtu kwa miezi. Kisha kutoka kambini wakapandishwa ndege mpaka nchi ya theluji, ambako Dieume alituma picha yake ya kwanza amevaa nguo nyingi sana, nikamwambia amefanana na godoro lililopata miguu.

Sisi tulihamia juu, mlimani, vyumba viwili vya kupanga. Mama anatoka asubuhi kwenda mpakani kwenye biashara yake na kurudi amechoka kiasi kwamba anasinzia akivua viatu. Nyanya alipewa pembe ya chumba, na mafiga yake matatu, aliyoyaokoa kutoka majini, tukayaweka nje ya mlango. Hakupika juu yake tena, tuna makala na imbabura, lile jiko dogo la makaa. Na hakusema hadithi. Mwanzoni nilimwomba. Nikamwambia, "Nyanya, minye niko hapa. Minye njo mwitikiaji. Tembea." Akaniambia hadithi ile imesimama na watu watatu ndani yake, haiwezi kutembea na mmoja, itakwenda ikichechemea. Nikamwambia basi aanze nyingine. Akasema huyo Fisi amesimama mlangoni, nyingine itapitia wapi?

Mnacheka, lakini kaeni miaka sita ndani ya nyumba ambayo mlango wake una Fisi. Jioni zilikuwa ndefu. Niliongea peke yangu, na mtu anayeitwa Redio akiongea peke yake si mzaha tena, ni ugonjwa. Nilizoea kusema utani darasani mpaka wote wanalia kwa kucheka, kisha kupanda mlima na begi langu, nikifika nyumbani nimebakiwa na sauti ya sufuria.

Ndipo nikaanza kuzitengeneza mwenyewe. Prof wetu wa Kifaransa alitupa kazi ya kuandika hadithi ya mababu, nami nikaona mababu wamechoka, niwaache walale. Nikamfanya Fisi kuwa dereva wa pikipiki, anabeba abiria watatu kutoka soko mpaka Kavimvira, na akifika abiria wamebaki wawili na hakuna anayeuliza. Chui nikamfanya msimamizi wa nidhamu shuleni, wanafunzi wanahesabu madoa yake wakati anawachapa. Sungura anauza mega za telefone, na mega zake zinaisha kabla hujafungua picha. Prof aliisoma mbele ya darasa. Wakacheka mpaka msimamizi wetu wa nidhamu akaja kuona kuna nini, na tukanyamaza tukiangalia koti lake kutafuta madoa.

Basi nikazirekodi kwa sauti yangu na kuzituma kwa Dieume na Espe. Tulikuwa na kikundi cha watatu kwenye telefone. Mimi nilikiita Mafiga. Nilirekodi wakati wa mapumziko, nyuma ya ukuta wa shule. Nilianza kila moja kwa "Niko njiani," nikaacha nafasi kidogo, kama mpumbavu, kisha nikaendelea. Espe alijibu kwa kile kichwa kinachocheka kwa machozi. Dieume alituma kidole gumba, siku nyingine baada ya siku mbili, siku nyingine hapana. Hata ile niliyoipenda kuliko zote, ya msichana aliyeachwa Uvira achunge telefone isizimike ili ndugu zake waweze kupiga, naye anatembea nyumba hadi nyumba akiomba umeme. Hiyo haikupata hata kidole.

Jumapili moja mchana nilikuwa naisikiliza mwenyewe ile ya Fisi na pikipiki, nikidhani Nyanya amelala. Alikuwa amekaa, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo Fisi yako," akasema, "pikipiki anajua. Njaa hajui."

Nikamwuliza anamaanisha nini, Fisi amemeza abiria mzima. Akasema amemeza kwa sababu mimi nilitaka watu wacheke. Fisi mwenye njaa hachekeshi. Kisha akaniuliza niliwatumia watoto saa ngapi.

"Midi," nikasema.

"Hadisi ya muchana haina masikio. Njo maana hawajibu."

Nilitaka kucheka. Nikamweleza kwamba kule kwao saa zimegeuka. Sisi tukila mchana, kwao bado ni giza, wamelala. Nilitarajia aseme huo ni uongo wa shule. Badala yake vidole vyake vikaanza kuchambua maharage ambayo hayakuwapo.

"Sasa ni saa gani," akauliza, "kuko giza kwetu na giza kwao, na bantu wako macho?"

Miaka sita alikuwa hajaniuliza kitu kuhusu hadithi. Nilichukua telefone nikahesabu saa. Nikapata: jogoo wetu wa kwanza, kabla mlima haujapambazuka. Saa hiyo wao wametoka kula cha jioni.

Lakini wiki ileile mjomba alishuka kutoka Lemera. Alikuwa ameongea na Mama. Miguu ya Nyanya ilihitaji hospitali ya karibu, naye nyumba yake haiko mbali na ile ya Lemera, na hewa ya kule ni nzuri, na kadhalika. Jumamosi asubuhi angemchukua. Mimi najua Lemera. Viazi viko, baridi iko, maua yako. Reso ya telefone hutafutwa kwa kupanda kilima, na Nyanya kwa miguu ile hapandi hata kitanda bila kushikwa. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa au ilikuwa basi. Nikawaandikia Mafiga: "Ijumaa, jogoo wetu wa kwanza. Nyanya atasema ya moto. Musilale." Espe akatuma moyo. Dieume hakutuma kitu.

Ijumaa niliamka kabla ya jogoo, nikamwamsha jogoo mwenyewe kwa kujikwaa juu ya banda lake. Mama alikuwa amelala. Nyanya alikuwa ameshakaa, kitambaa kichwani, kama anaenda misani. Na alikuwa amefanya jambo ambalo sikumwomba: alikuwa ameburuta mafiga yake matatu ndani, moja moja, na miguu ile, akayapanga sakafuni katikati yetu. Hayakuwa na moto. Nikaweka telefone katikati ya mafiga, ikiangaza. Ikalia, ikalia, ikapokelewa.

"Nyanya," ikasema sauti nzito, "ni minye."

Nyanya akarudi nyuma. Akaniuliza huyo mwanaume ni nani. Nikamwambia ni Dieume. Akasema Dieume ni mtoto, huyu ni mtu anayeweza kubeba gunia. Ikabidi amjaribu.

"Samaki iko ya nini?" akauliza.

Kisha ile sauti ya kubeba gunia ikasema, "Iko ya kuangalia, Nyanya."

Nyanya alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Espe naye akasalimia, Kiswahili chake kimevunjikavunjika, kikipita puani. Nyanya alimjibu kwa upole, kisha akaninong'oneza kwamba mtoto anaongea kama maji yanayotoka kwenye chupa. Dieume akasema ametoka kazini kuosha vyombo kwenye hoteli moja, na shuleni kabla ya hapo, lakini yuko macho, asiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa namjua. Nilikuwa na wasiwasi.

"Niko njiani," Nyanya akasema.

Nilibana meno. Kazi ile ilikuwa yangu, lakini niliwaachia.

"Okay," Espe akasema.

Nyanya hakutembea. Akaniambia, Fisi hajui hiyo okay. Nikasikia Dieume akimnong'oneza dada yake, na Espe akicheka, na kisha wakasema pamoja, yeye kwa sauti ya gunia na dada yake kwa sauti ya chupa: "Tembea."

Naye akatembea. Njaa ikaja tena, ndugu watatu wakapanda, pango likapatikana. Wawili wakaenda. Kila alipovuta pumzi, telefone ilisema "tembea," na mwanga wake ulipiga kwenye mafiga yale kama kuna kitu kinawaka kweli. Kuni zikaisha. Majani ya kitanda yakaisha. Mvua ikanyesha. Espe akaacha kuitikia. Dieume akasema amelala begani kwake, Nyanya aendelee. Fisi akaja, akasimama mlangoni, ameloa, akaomba kaa moja. Hapo ndipo tulipokuwa tumeachwa. Nilishika goti la Nyanya.

"Tembea," Dieume akasema, polepole.

"Musichana akaangalia moto," Nyanya akasema. "Akaangalia Fisi. Akamwambia: kaa siwezi kukupa. Lakini ingia, tuote pamoja." Akaongeza, akiniangalia mimi na si telefone, "Muntu aliyekaa peke yake siku nyingi hachagui mugeni."

Tukangoja. Telefone haikusema kitu. Nilidhani reso imekata, nikainama kuangalia. Haikuwa imekata. Kutoka nchi ya theluji, juu ya bahari na misitu yote, ilikuja sauti ndogo ya kwenda, kisha ya kurudi, na ile ya kurudi ikaishia kwa filimbi.

"Njo Dieume ule," Nyanya akasema. "Sasa njo naamini."

Akacheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, machozi yanashuka, na mimi nikacheka, na tukawa tunazibana midomo tusimwamshe mtu aliye upande mwingine wa dunia. Tulimsikiliza akikoroma mpaka mega zikaisha na mwanga ukazimika, na dirishani mlima ulikuwa umeanza kuonekana.

Nikasema, "Tembea, Nyanya." Nilisema kwa ujanja, haraka, kama mtu anayejaribu kupitisha kitu mpakani. Nilitaka kujua. Fisi ameingia, basi kisha? Amemla? Ndugu wamerudi? Nyanya akatikisa kichwa. Mwitikiaji amelala. Na nje kulikuwa kumekucha.

Jumamosi mjomba alimpandisha kwenye gari. Aliniachia mafiga. Mimi nikamwambia mjomba aendeshe vizuri, asije akafika na abiria pungufu. Nyanya pekee ndiye aliyecheka.

Ndiyo hivyo, wa rika langu. Enzi zetu tulikuwa na jiko la mbao za mitumbwi, na watu watatu walilala mkeka mmoja, na hadithi ikilala tuliiamsha kesho yake, kwa kuwa kesho tulikuwa nayo nyingi kuliko ndagala. Leo nina telefone inayofika mpaka kwenye theluji. Ninaweza kumwona Espe akipiga mswaki. Lakini giza letu na lao yanakutana kwa nafasi nyembamba kama ufa wa ule ubao, na Nyanya yuko mahali ambapo ufa wenyewe haufiki. Jioni kivuli cha milima kinashuka kwanza juu yetu, wakati ng'ambo, Bujumbura, bado wana jua. Kisha taa zao zinawaka. Sisalimii yoyote. Nimekua.

Leo saa sita mchana, nikiwa nyuma ya ukuta wa shule, telefone ilitikisika. Ilikuwa Mafiga. Dieume, ambaye kwao bado kulikuwa giza, alikuwa ameandika maneno mawili tu:

"Tulifikia wapi?"

Niliyasoma mpaka kengele ikalia. Mimi ndiye niliyekesha. Mimi ndiye ninayejua. Fisi ameingia. Amekaa karibu na moto, manyoya yake yanatoa mvuke, na msichana anamwangalia, na nje bado mvua. Mbele ya hapo sijui, na anayejua yuko Lemera. Itabidi hadithi niitembeze mwenyewe, na huyo Fisi safari hii awe na njaa ya kweli. Niliweka kidole nianze kumwambia. Kisha nikaangalia juu. Jua lilikuwa katikati ya kichwa, na Mama yuko mpakani, watu wote wangemwona akiota pembe.

Nikairudisha telefone mfukoni. Usiku huu umeme umekuja, nimeiweka kwenye chaji katikati ya mafiga matatu, inawaka kidogo. Nimekaa kando yake. Nangoja jogoo.